Nukta Nne Nilizozitupa

Kharkov, Umoja wa Kisovieti
11 Februari 1978

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kando ya dirisha lililoshika barafu, lakini moyo wangu uko nyumbani Kerende. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na Baba, bado anaamka kabla ya jogoo na kuwalaumu wengine kwa kulala? Natumaini ndege hawakuumaliza mtama mwaka huu, na kwamba dada Gati na watoto wake hawajambo. Mimi ni mzima. Tangu Krismasi nimeugua mafua tu, na mafua huku kila mtu anayo, hata profesa.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama chini kwenye masanduku ya barua, koti sijavua, theluji inayeyuka mabegani. Mistari minne ya penseli: “Mimi mama yako naandika kwa mkono wangu. Mwalimu Philomena hakunishika mkono. Sisi wazima. Je baridi ya huko inaua?” Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichopewa hapa. Herufi zako za k zimelalia upande kama ndama aliyezaliwa asubuhi hii, lakini zimesimama, Mama, zimesimama! Niliwaonyesha wenzangu wa chumbani nikawaambia kwamba aliyeandika haya alikuwa hajui a mwaka juzi, akaenda darasa la watu wazima akiwa na jembe begani. Mmoja wao, mtu mkubwa mwenye ndevu, alivua kofia.

Ndiyo maana barua hii ni ndefu, si kama zile za zamani. Kwa miaka mitano barua zangu zimepitia mdomoni mwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Tomaso. Simlaumu, alitusaidia. Lakini dada Gati aliniandikia kwamba ile niliyosema kabichi imenisumbua tumbo aliisoma mbele ya duka la ushirika, tena akaongeza ya kwake, hadi wazee wakaanza kuniombea. Hii utaisoma wewe. Nimeandika kwa herufi kubwa. Ukikutana na neno gumu lirudie polepole, likikataa liruke, ila usimpelekee Mzee Tomaso. Mwishoni kuna jambo ambalo ni lako kwanza.

Sasa nikujibu. Baridi ya nje inaua mlevi anayelala njiani; mwenye koti na akili inamwacha. Lakini hiyo ni baridi ya kitoto. Ninayofanya nayo kazi mimi ni nyingine kabisa, na tangu nilipoijua sijaacha kushangaa. Joto, Mama, unaweza kuliongeza na kuliongeza, kuni juu ya kuni. Baridi ina mwisho. Iko sakafu, digrii mia mbili sabini na tatu chini ya pale maji yanapoganda, na chini ya hapo hakuna kitu kinachoweza kushuka. Nilipoambiwa mara ya kwanza niliogopa. Nilitembea hadi bwenini nikifikiri: kumbe Mungu aliiwekea baridi mpaka, na akatuachia tuutafute wenyewe.

Kuna hewa iitwayo heli. Tunaipoza hadi inakuwa kama maji, tunaimimina kwenye chupa yenye kuta mbili, ndugu yake ile themosi ya chai ya Mwalimu Philomena. Inachemka humo bila moto wowote, kwa sababu kwake hata barafu ni jiko. Tukiivuta mvuke kwa pampu inachemka kwa hasira, inatoa povu, halafu ghafla inanyamaza. Hakuna hata tone linalotikisika. Siku ya kwanza nilipoiona nilisahau kuandika namba. Fundi wetu, aliyeiona zaidi ya mara elfu, naye huwa anaweka spana chini aitazame.

Ndani ya baridi hiyo tunatumbukiza vijiwe tulivyovitengeneza wenyewe. Changu kimeyeyushwa kutokana na madini mawili, manganizi na silikoni, na silikoni hutolewa kwenye mchanga, mchanga wa kawaida kama ule wa Mto Mara unaosugulia sufuria. Ni kijivu, kinang'aa, hakizidi punje ya mahindi. Ukikiwekea sumaku hapa mezani hakijali. Kazi yangu ni kupitisha umeme kidogo ndani yake huku kikizidi kupoa, na kila hatua kupima kama umeme unapita kwa shida au kwa wepesi. Kila kipimo naweka nukta kwenye karatasi yenye mirabaraba. Nukta zikiwa nyingi unaziunga, unapata mstari, na mstari ndio unaokueleza tabia ya jiwe.

Mwezi wa kumi na moja nilipima siku nzima. Mstari wangu ulishuka vizuri, kama njia ya kwenda mtoni. Kisha, kufika digrii mia mbili arobaini na nne chini ya barafu, nukta nne zikaenda zake, zikainama ghafla nje ya njia. Niliziangalia kwa jicho la mchungaji. Nikasema hizi ni mbuzi wakorofi, waya umelegea, au mimi nilichoka. Nikachora mstari mzuri uliopita pembeni yake, na zile nne sikuziweka kabisa. Karatasi ilipendeza. Niliipeleka kwa profesa wetu, Mama Ludmila, mjane mfupi anayevaa sweta mbili, nikitegemea sifa.

Hakunisifu. Alifungua daftari langu la vipimo, akachukua penseli, akaanza kuhesabu. Daftarini thelathini na sita. Kwenye karatasi thelathini na mbili. Akaniuliza kwa upole zile nne ziko wapi.

Nilimjibu kwamba niliziona ni makosa. Aliniambia kwamba zile nukta si zangu hata nizitupe. Ni maneno ya jiwe, na mimi kazi yangu ni kusikiliza. Akaniamuru nirudie kipimo, safari hii taratibu, mahali pale pale.

Nilirudia siku tatu. Mara zote mstari uliinama pale pale. Kumbe zile nne nilizozitupa ndizo zilizokuwa habari yenyewe! Wataalamu wengine wameshaliona jambo hili, mimi si wa kwanza, lakini kuliona kwa macho yako ni kitu kingine. Mama Ludmila alinieleza kwamba ndani ya kijiwe kile zimo sumaku ndogo zisizohesabika. Kwenye joto kila moja inaangalia kwake, fujo tupu, ndiyo maana jiwe linaonekana halina sumaku. Lakini likifika kwenye baridi ile zinasikilizana. Tena hazielekei upande mmoja kama askari. Kila moja inapinda kidogo tu kumpita jirani yake, na inayofuata inapinda kidogo tena, hadi zote zinazunguka pamoja kama nyuzi za katani Baba anaposokota kamba. Kamba hiyo iko ndani ya jiwe, imesokotwa bila mkono wa mtu, na hakuna aliyeijua mpaka baridi ilipokuja. Nililia palepale mbele yake, wala sikuona aibu. Alidhani nalia kwa ajili ya jiwe. Kwa jiwe nililia pia.

Lakini swali lake ndilo lililonichoma, kwa sababu niliwahi kuulizwa swali kama hilo, na sikulijibu kwa ukweli.

Unajua kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Ukiwahesabu unawaita wafe. Mchungaji anawatazama tu wakiingia, na akisema wote wameingia, basi wameingia. Neno lake halipimwi tena. Kumbuka mwaka wa sitini na tatu, kabla hatujahamia kijijini, ule mwaka wa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani, aliyetengwa kwa mahari ya kaka Werema. Jioni ile mimi ndiye niliyetoka kuchunga. Baba alisimama langoni akauliza kama wote wameingia. Nikasema wote wameingia.

Hawakuingia wote. Mchana wote nilikuwa juu kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, nachokora mawe yanayong'aa, na ng'ombe nimewaachia mungu wao. Nilipowakusanya niliona pengo. Hakuna mchungaji asiyeona pengo, Mama, hata awe na miaka kumi na miwili. Nilimwona mtamba yule kwa kutokuwepo kwake. Lakini jua lilikuwa linazama, niliogopa fimbo, nikajiambia atarudi mwenyewe.

Asubuhi alfajiri Werema ndiye aliyefungua zizi na kuwapeleka malishoni. Mchana Baba alipomkosa mtamba akasema: jana wote waliingia, leo ametoka na Werema, basi Werema amemuuza mpakani Sirari. Walikuwa wamegombana wiki ile kuhusu arusi, unakumbuka. Werema aliapa. Baba akamwambia asikanyage lango lake hadi ataje aliyempa mtamba. Angemtaja nani, naye hakumpa mtu? Akaondoka na shuka moja. Wewe ulimfuata hadi mtoni ukiwa umebeba kibuyu cha maziwa ya safari yake, na ulirudi nacho kimejaa.

Siku ya nne nilimkuta mtamba kwenye korongo chini ya mashimo. Fisi walikuwa wamemaliza. Ilibaki pembe na kipande cha ngozi chenye baka jeupe. Nilivifunika kwa matawi na mawe, nikarudi nyumbani nikala ugali.

Hilo ndilo jambo langu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa miaka kumi na tano na imenifikisha Urusi. Jiwe moja la manjano nililookota mashimoni siku ile ndilo lililonifanya nipende mawe, na ndilo lililonileta kwenye masomo haya mnayojivunia. Bado liko kwenye sanduku langu. Nimelipima hapa: si dhahabu, ni chuma na kiberiti. Kila mara mliponisifu kwamba mimi ndiye mtoto aliyetulia, nilitaka kusema, na kila mara nilifikiri juu ya Mzee Tomaso akiisoma barua yangu dukani, Baba amesimama kati ya watu. Huo ulikuwa udhuru, najua. Likizo nilipokuja nyumbani mdomo nilikuwa nao, na sikusema. Nina aibu, Mama. Nina aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Kaka Werema nimemwandikia kwa mkono huu huu, nimemweleza yote. Dada Gati humwona mnadani Sirari, ndiye atakayemfikishia. Sijui atanijibu nini. Akinitukana ana haki.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba jambo moja, kwa kuwa sasa unasoma na hakuna mdomo wa mtu mwingine kati yetu. Najua Baba alizing'oa nguzo za lango la zamani akazibeba hadi kijijini, na kwamba kila jioni anasimama kati ya nguzo hizo na kuuliza lile swali lake. Siku utakapoweza, chukua barua hii usimame karibu naye. Akiuliza kama wote wameingia, mwambie hapana. Mwambie mmoja bado yuko nje, ng'ambo ya mpaka, huko Migori. Ana watoto watatu, na wa kwanza, wa kiume, amempa jina la Baba. Wala hakumuuza mtamba. Mwambie aliyedanganya langoni ni mimi, Wangwe, na kwamba lango lifunguliwe kabla usiku haujaingia.

Nisalimie dada Gati na wanawe. Nisalimie Mwalimu Philomena, mwambie kazi ya mikono yake imefika mbali. Hata Mzee Tomaso msalimie, bila kumpa karatasi. Goti lifunge kitambaa asubuhi kabla ya kwenda kisimani. Nitangoja mistari yako ya penseli, hata ukiandika mmoja, hata ukiwa wa hasira.

Ni mimi mwanao aliyeona pengo akanyamaza,

Wangwe