Migomba ya Nyuma ya Jikoni

Nchiru, 9 Februari 2025

Kwa binti yangu Gatwiri,

Nakusalimu, muga, mwanangu. Uko salama huko Riyadh? Ule mguu wa kuvimba ukisimama sana jikoni kwa madam umepona? Mimi ni mzima, ni magoti tu na hii vumbi.

Naandika kwa karatasi ya daftari, Halimah wa duka anapiga picha na simu yake anakutumia. Ameapa anapiga akiangalia kando.

Neno lako nimelipata. Tuuze hii nyumba uliyojenga, mwezi wa nane kandarasi ikiisha urudi, ufungue duka la vitambaa mjini Maua. Nilipiga magoti nikashukuru Mungu, miaka saba sijakuona. Nimepata broka, anaitwa Mutuma, viatu vyake ni vizuri kuliko maneno yake. Ameweka kibao kwa geti. Anasema soko limelala, watu wanakuja wanakula na macho wanaenda.

Usijali, itauzwa. Kula vizuri.

Ni mimi mama yako.


Riyadh, 21 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari ya magoti? Mguu wangu ni afadhali. Huku tunashukuru.

Mama, watu sita wamekuja na hakuna hata mmoja amerudi. Mbona? Mutuma alinitumia picha. Hiyo migomba nyuma ya jikoni ni ya lini? Inafanya ploti ionekane ndogo. Tafuta mtu aikate yote, mnunuzi aone nafasi ya kujenga vyumba vya wanafunzi wa chuo. Bei mteremshe, sitakasirika.

Madam ananiuliza kila Ijumaa kama nitasaini miaka miwili tena. Nikamwambia hapana, mama yangu anauza nyumba. Anacheka tu.

Na ukipita Maua kwa baba mdogo Hezekiah, angalia kama kaburi la baba limefyekwa. Nikirudi naanzia hapo, kabla ya kula.

Binti yako, Gatwiri.


Nchiru, 30 Machi 2025

Kwa Gatwiri wangu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza kunyesha, mwili uko sawa, ni usingizi tu unanikataa.

Hiyo migomba tuiache kidogo. Mitatu inabeba, na mgomba unaobeba haukatwi, hata wewe unajua. Wanafunzi wananunua ndizi kwangu, napata sabuni. Bei Mutuma ameteremsha.

Kaburi la baba yako ni safi. Nalifyeka na mikono yangu.

Mama yako.


Nchiru, 15 Juni 2025

Gatwiri mwanangu,

Nakusalimia nikiomba uwe mzima, na uwe umekaa chini. Mimi si mgonjwa, lakini chakula hakipiti.

Jumamosi alikuja Mwalimu Kivuti kutoka Majimbo, Embu, na mke wake Gladys. Msichana wao anasoma chuo hapa. Nyumba waliipenda. Gladys alifungua kila kabati akasema, "Huyu aliyejenga ni mwanamke, wanaume hawakumbuki mahali pa sufuria." Nilicheka mpaka nikasahau. Mwalimu akachukua fimbo, akaanza kupima nyuma. Vyumba vinane hivi, na shimo la choo hapa. Akadunga fimbo katikati ya migomba.

Nikasema, "Mwalimu, hapo hapana."

"Kwa nini, mama? Kuna mwamba?"

"Hapana. Kuna mzee wangu."

Gatwiri, baba yako hatukumzika Maua. Nilikudanganya. Tulifika na jeneza, Hezekiah amefunga geti na kufuli. Ati kesi ya shamba haijaisha, na maiti ikiingia, mimi na wewe tutadai shamba kwa sababu ya kaburi. Jua lilikuwa kali. Watu wamesimama barabarani, wanaangalia viatu. Pastor akaniuliza, "Mama, Kailemia tunampeleka wapi?" Nilijua mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu angenifungia. Ni hapa pako. Sikukuuliza. Nikasema utarudi, nikwambie kwa mdomo.

Simiti sikuweka. Nilipanda migomba wageni wasione. Wale sita waliambiwa na majirani. Huyu wa saba nilimwambia mimi.

Mwalimu alitoa kofia. Akasema, "Mama, hata mimi ningemweka hapa. Lakini kununua, siwezi." Mutuma hata kibao hakuchukua, alisema nyumba yenye mwenyewe ardhini haiuziki.

Nimeuliza. Kuna karatasi za korti za kumhamisha, tumpeleke makaburi ya mji. Ukisema atolewe, nitatia sahihi. Ploti ni yako. Sema tu neno.

Mama yako.


Nchiru, 20 Julai 2025

Gatwiri,

Mguu unaendeleaje? Halimah anasema picha ya barua uliifungua siku hiyo hiyo. Nitusi hata, lakini andika.

Mama.


Riyadh, 8 Agosti 2025

Mama,

Mimi ni mzima. Na wewe ule, tafadhali.

Nilivunja bakuli la madam siku ile ya barua yako. Si kwa sababu ulimweka kwangu. Ni kwa sababu miaka miwili tangu afariki, nikiomba usiku nilikuwa naongea na baba upande wa Maua, kumbe nilikuwa nimempa mgongo.

Usimtoe. Mtu hafukuzwi mara mbili.

Leo ilikuwa Ijumaa, madam akauliza. Nimesaini.

Binti yako.


Nchiru, 17 Agosti 2025

Kwa binti yangu Gatwiri,

Naomba barua ikukute na nguvu. Magoti yangu usiulize leo.

Migomba nimekata yote. Hakuna tena wa kufichwa. Kile kibao cha "Inauzwa" nilikitoa kwa geti, nikakigeuza, Halimah akaandika jina la baba yako upande ule mweupe, na mwandiko wake mzuri. Nimekisimamisha kichwani pake. Ukiomba, sasa angalia huku.

Duka utafungua tu, hata nikiwa mzee wa kukaa mlangoni kukufukuzia kuku. Chumba chako sijapangisha, ingawa wanafunzi wanauliza. Jumamosi nakifungua dirisha, jioni nalifunga.

Miaka miwili si mingi. Nimeyaambia magoti yangoje. Hayajanijibu.

Ni mimi mama yako, na baba yako hapa nyuma.