Kitufe cha "Chapisha" na Majoho ya Kwaya

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14
Mahali: Chumba cha kukatia nguo, baada ya vitambaa kuondolewa mezani

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Sindano (fundi mkuu), Mkata Vitambaa, na Mkamwana (mke wa mwana wa Mwenyekiti na msimamizi wa duka letu la mtandaoni).
Hakuhudhuria: Mpiga Pasi, kwa udhuru wa mafua. Ameonekana sokoni.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa zamu. Hawakusema kwa zamu.

KUMB. NA. 2/14: MAJOHO YA KWAYA
Sindano alieleza kwamba tangu Jumatatu duka la mtandaoni limebadilika sura, na oda zinaingia bila vipimo. Sura ya zamani ilikuwa na kisanduku cha mteja kuandika kifua, kiuno na urefu, mpya haina. Majoho ya kwaya aliyashona kwa kukadiria, maana mteja alikuwa na haraka na simu yake haikupatikana. Yamerudishwa yote. Mwimbaji kiongozi aliingia kichwa na mkono mmoja, akanasa humo hadi akakatwa kwa mkasi. Mkata Vitambaa alicheka. Mwenyekiti alimuuliza kinachomchekesha.

KUMB. NA. 3/14: SURA MPYA YA DUKA
Mkamwana alieleza kwamba toleo la zamani la programu ya duka linakaribia kuachwa na watengenezaji wake, hivyo kuhama ni lazima. Kisanduku cha vipimo alikiongeza mwenyewe. Toleo jipya halikitambui, lazima kijengwe upya. Ndiyo sababu alikuwa akifanyia kazi nakala ya majaribio, ambayo wateja hawaioni. Aliapa kwamba hakuiweka hewani.

Mwenyekiti alisema duka halijivalishi lenyewe. Mkamwana alijibu, "Mama, mimi sikugusa." Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hapa kikaoni yeye ni Mwenyekiti, si Mama.

KUMB. NA. 4/14: PENDEKEZO LA KUMWONDOA MSIMAMIZI
Mwenyekiti alipendekeza chama kitafute mtu mwingine, kwani undugu usifiche uzembe. Hata nyumbani sufuria huachwa motoni. Katibu aliomba ya nyumbani yabaki nyumbani. Sindano aliunga mkono pendekezo, shingo upande. Mkamwana alilia. Alisema kazi hii ndiyo kitu pekee anachoweza kukiita chake.

Kabla ya kura, Mwenyekiti aliomba radhi kwa kutogawa picha za sura mpya. Alieleza kwamba Jumapili usiku, Mkamwana akiwa bafuni, aliikuta nakala ya majaribio kwenye kompyuta, akataka wajumbe waione kwenye karatasi. Alibonyeza "Chapisha", akaulizwa kama ana uhakika, akakubali. Printa haikutoa hata ukurasa mmoja. Akahitimisha kwamba wino umekwisha, na kwamba hilo nalo ni kosa la Mkamwana.

Mkamwana alifuta macho, akaeleza kwamba kitufe hicho hakitoi karatasi. Huiweka nakala hewani, wateja waione.

Mwenyekiti aliuliza, "Chapisha si kuchapisha?"

Mkata Vitambaa alisema, "Umechapisha kweli, Mwenyekiti. Dunia nzima imesoma."

Mwenyekiti aliomba sehemu hii isiandikwe. Katibu alimwarifu kwamba imeshaandikwa.

KUMB. NA. 5/14: MAAZIMIO
Pendekezo liliondolewa na aliyelileta. Mkamwana alirudisha sura ya zamani papo hapo, na kisanduku kikaonekana. Iliazimiwa kwamba sura mpya isitoke mpaka Sindano aweke oda ya majaribio na vipimo vifike salama, na kwamba Mkamwana peke yake ndiye atakayegusa kitufe. Mwenyekiti alijitolea kwenda kwa kwaya mwenyewe na tepu ya kupimia.

KUMB. NA. 6/14: KUFUNGA
Mwenyekiti alisimama kufunga kikao, akakaa tena. Alisema amemwonea mtoto wa watu mbele za watu, basi anamwomba radhi mbele ya watu hao hao.

Mkamwana alijibu, "Yamekwisha, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alisema, "Niite Mama."

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni.

Sahihi: ................ Mwenyekiti
Sahihi: ................ Katibu