Fundi wa Kaseti Bila Jina

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufariki, Fundi wetu. Neno lenyewe, kufariki, tumeliweka hapo mbele, kabla hata ya kukusalimu, kwa sababu lilichelewa sana kuingia nyumba hii. Lilikaa nje siku nyingi, na aliyeshika mlango ni Baba yako. Tutakueleza ilivyokuwa.

Ila kwanza tukukumbuke vizuri, usije ukasema tumekurupuka.

Wewe ulikuwa mtu wa redio na vinasa sauti. Mteja akiingia kile chumba cha uani na redio kwapani, ulimuuliza, "Inaumwa wapi?" Na watu wazima, na ndevu zao, walijikuta wanajibu kwa adabu kwamba inakohoa, dokta, hasa asubuhi. Ulisafisha kwa pamba na spiriti. Ulibadilisha mikanda iliyolegea. Utepe ukichomoka kwenye kaseti uliurudisha kwa kuzungusha penseli polepole, umefumba macho, umevua kiatu kimoja. Kwa nini kimoja? Mama aliuliza mpaka akachoka, akasema basi, kila mtu na maumbile yake.

Na kaseti ulikuwa huwezi kutupa. Hasa zile ambazo hazijaandikwa kitu, mtu alirekodi wimbo halafu hakujisumbua kuandika nani kaimba. Wenzako tulikuwa tunaona takataka. Wewe ulikuwa unasema, "Huyu ana mama yake mahali. Haiwezekani mtu aimbe hivi halafu asijulikane."

Ndiyo ukafungua lile jukwaa lako mtandaoni, Kaseti Bila Jina. Mtu anaweka kipande cha wimbo asioujua, wenzake wanasikiliza, ubishi unaanza: gitaa hili ni la nani, hii sauti tumeisikia wapi. Na ukaweka sheria moja tu. Kipande cha mtu kisilale bila jibu. Kama unajua, sema. Kama hujui, andika "nimesikia", inatosha. Ulisema mtu akipiga hodi unamwitikia, hata kama ndani huna cha kumpa.

Wakati wake jukwaa lilikuwa na kelele kama soko. Kulikuwa na Mwalimu wa Jiografia, aliyewatambua wapiga ngoma kwa makosa yao. Kulikuwa na Mama Gitaa, aliyetukana kila mtu kwa upendo. Ulikuwa unacheka peke yako kule uani mpaka Baba anatuambia mezani, "Mwenzenu ana ukoo mwingine ndani ya lile sanduku la kompyuta. Huu wa kwetu ni wa kulalia tu." Alikuwa anatania, lakini Baba akitania ujue kuna kitu kinamchoma.

Halafu ikaja mitandao mikubwa, hii ya kwenye simu, na watu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga. Walisema tu, "Nitakuwa napitapita," na kweli wakapita moja kwa moja. Ukaona isiwe tabu, ukawafuata huko, ukafungua kikundi, ukaweka kipande. Kabla wimbo haujafika katikati, juu yake kumepangwa magodoro ya kuuza, video ya mtu kadumbukia kwenye dimbwi, na mwingine anauliza nani ana chaja. Vidole gumba vilikuja vingi sana. Ukauliza, jamani, nani kasikiliza mpaka mwisho? Ukarudi zako uani. Ulimwambia Mama, "Kule wanakupenda kabla hawajakusikia."

Mwishowe mkabaki wawili, wewe na yule mliyekuwa mnamwita Mtu wa Winchi, anayeendesha mashine ya kuinua mizigo. Kazi yake ni kukaa juu peke yake kutwa nzima, watu wote chini wadogo kama punje. Akishuka kupumzika anakuwekea kipande, unamjibu. Hamkuwahi kuonana. Tulikuwa tunakucheka, eti jukwaa la watu wawili, mmoja yuko uani na mwingine yuko juu. Ulicheka na wewe. Sasa tunajua hukuwa unacheka sana.

Kisha ukaumwa, na ugonjwa wenyewe haukutupa hata nafasi ya kugombana nao.

Dada yako aliweka picha yako kwenye simu, ile umeshika bisibisi kama mwimbaji aliyeshika maikrofoni. Zikamiminika pole na picha za mishumaa. Baba alivaa miwani akasoma zote, moja moja, anauliza, "Huyu ni nani? Na huyu?" Wengi hatukuwajua. Siku chache baadaye wale wale walikuwa wanagombana juu ya mpira. Baba akauliza kama watu wa Kaseti Bila Jina wameambiwa. Dada akamjibu kwa uchovu tu, wala hakuwa na ubaya, kwamba jukwaa lenyewe lilishakufa, na nani huwapelekea wafu habari za msiba. Baba akanyanyuka mezani. Tangu siku ile hakuna aliyetamka neno lile la kufariki mbele yake.

Yeye mwenyewe ndiyo kabisa. Unamjua Baba, miaka yote kazi yake kupaka rangi nyumba za watu, ukuta ukiwa na ufa yeye anaona rangi itafunika. Alihamia chumba chako cha uani, akakataa kompyuta kuzimwa, akawa anakaa kwenye kiti chako. Wateja wakija kukuulizia, anawaambia, "Fundi katoka. Acha redio yako, acha na jina." Wakawa wanaacha. Rafu ikajaa, sakafu ikajaa, redio za watu zinalala pale kama wagonjwa wa zahanati isiyo na daktari. Mama aliziona, akazifuta vumbi.

Siku moja kompyuta ikalia kengele. Baba akasogea. Kumbe Mtu wa Winchi alikuwa anaweka vipande muda wote huo, kimoja baada ya kingine, na chini ya kila kimoja maneno machache. Fundi, upo? Fundi, naona umebanwa na kazi. Fundi, kama nimekukosea niambie.

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza Baba. Mtu hajakosa kitu, anaomba msamaha kwa kiti kitupu. Akavuta kibodi, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja kama anaua mchwa, akaandika "nimesikia". Hakufikiria jina. Jina lililokuwa pale lilikuwa lako.

Jibu likaja papo hapo. "Ah, Fundi. Nilidhani na wewe umehamia kule." Na Baba akaandika, "Hapana. Nipo."

Basi. Ikawa ndiyo desturi. Mtu wa Winchi anashuka, anaweka kipande, Baba anasikiliza kwa zile spika zako mbili, anaandika nimesikia. Baba akachangamka. Akawa anakuja mezani na maneno yake, mara huyu mpiga ngoma ana haraka kama kaacha mgonjwa nyumbani, mara yule mwimbaji ameimba huku anamwangalia mtu. Tulifurahi, tukidhani anapona. Mpaka Dada alipompelekea chai akasoma juu ya bega lake.

"Baba, unamdanganya mtoto wa watu."

"Nimemjibu tu. Siku hizi kumjibu mtu ni kosa?"

"Umemjibu kwa jina la nani?"

Baba alisema chai imepoa. Haikuwa imepoa, ilikuwa inatoa moshi. Dada akatoka analia, na kwa siku kadhaa wakawa wanapishana ukumbini kama wapangaji. Mama akawa katikati, anapeleka salamu chumba hiki na kurudisha kile. Alimwambia Dada amwache mzee. Alimwambia Baba, taratibu, kwamba kila siku anayomwongezea yule mtu ni siku atakayokuja kumnyang'anya. Baba alisikia. Hakufanya kitu.

Halafu Mtu wa Winchi akaandika kwamba amepata likizo. Anakuja kukuona. Uliwahi kumwelekeza kwetu, anakumbuka, na akifika atauliza fundi wa redio. Atakuletea kaseti zake zote, mkae mzisikilize pamoja, maana amechoka kusikiliza na mtu asiyemwona.

Fundi, wiki hiyo Baba yako aliteseka. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta anaandika, anafuta. Tulimwona mlangoni. Anaandika "mwanangu", anakwama hapo, anafuta. Ukipita unasikia kidole kinatafuta herufi, halafu hakitafuti tena. Mwisho akachukua ndoo na brashi, akaupaka rangi mlango wa karakana yako. Ulipokauka, akaupaka tena. Likizo ya mtu ikafika, na hakuna alichokuwa amemwambia.

Alikuja mchana. Mtu mfupi, mabega mapana, anatembea huku anatazama chini sana kama vile ardhi iko mbali. Begani mfuko mzito. Baba alikuwa palepale mlangoni na brashi yake, na sisi wengine tumejazana dirishani kama kuku, hata kupumua tunapumua kwa zamu.

Akasalimia vizuri, shikamoo mzee, habari za hapa. Halafu akauliza, "Fundi nimemkuta?"

Jibu la swali hilo Baba alikuwa nalo tayari mdomoni. Alilitumia mwaka karibu wote. Dada akamshika Mama mkono, sisi sote tukashikana tu, kila mtu na aliye karibu. Rangi ikawa inadondoka kutoka kwenye brashi, inaingia kwenye kiatu cha Baba, haoni.

Akasema, "Mwanangu amefariki."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja saa. Lakini baada ya kulisema alishika fremu ya mlango, na ule mlango ulikuwa mbichi, mkono wote ukachafuka.

Yule mtu akauliza lini. Baba akamwambia. Tulimwona anarudi nyuma kichwani mwake, anapita vipande vyote, mpaka anafika mahali.

"Na aliyekuwa ananijibu?"

"Mimi. Baba yake."

Tukajua sasa anaondoka. Na angeondoka tusingemlaumu, nani angemlaumu? Aliuteremsha mfuko. Akamtazama Baba kwa mara ya kwanza, usoni, kwa muda.

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Ulikuwa unasikiliza, au ulikuwa unaandika tu?"

"Nilisikiliza," Baba akasema. "Vyote. Nyimbo sizijui, lakini hakuna nilichokiacha njiani."

Mtu wa Winchi akalia amesimama, mikono imeshuka. Mama akatoka na kiti. Mama yako unamjua, mtu hawezi kulia amesimama kwenye nyumba yake.

Alikaa kwetu mpaka likizo ikaisha. Alituhadithia habari zako ambazo sisi hatukuwa nazo. Kwamba siku alipofiwa na mkewe, hakumwambia mtu yeyote duniani isipokuwa wewe, na wewe hukumpa pole nyingi, ulimwekea wimbo ukamwambia huu hatutafuti mwenyewe, huu tunausikiliza tu. Miaka hiyo tulikuwa tunapita nje ya chumba chako tunasema huyu kijana hana marafiki. Tunaumia, Fundi. Ukuta ulikuwa mmoja tu kati yetu.

Redio za watu zimerudi kwa wenyewe. Baba alizipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, na kila mlango alilisema neno lile lile. Wengine walikasirika, kwa nini wamekaa bila redio muda wote. Akawaacha wakasirike. Alirudi jioni mguu umevimba, akala, akalala.

Mtu wa Winchi naye karudi juu kwake. Pale jukwaani hakuna aliyerejea, tusikudanganye. Dada aliwatafuta Mwalimu wa Jiografia na Mama Gitaa huko kwenye mitandao mikubwa, akawapa habari zako. Mwalimu ameweka kile kipicha cha uso unaolia. Mama Gitaa hajaufungua ujumbe mpaka leo, na hatujui kama yu hai.

Lakini jina lako Baba amelifunga, halitumii tena. Amejiandikisha upya kwa jina lake, mwanachama mpya wa kwanza baada ya miaka mingi. Mgeni akiingia anatakiwa ajitambulishe kwanza, si ndivyo ulivyopanga? Alikataa kusaidiwa. Ilimchukua asubuhi nzima. Ameandika hivi: "Mimi ni baba wa Fundi. Fundi amefariki. Naomba mnipokee."

Anayeweza kumpokea ni mmoja, na siku nyingi yuko juu. Baba anasubiri ashuke.

Anakukumbuka Baba yako, ambaye ndiye aliyesema tangazo hili liandikwe, na neno gani lianze. Anakukumbuka Mama yako, ambaye kile kiatu chako kimoja bado anakisogeza akifagia na kukirudisha. Dada yako mkubwa, wadogo zako, na Mtu wa Winchi, ambaye jina la kwao hajatuambia, nasi hatukumuuliza, ila tumemhesabu ndugu.

Kule uani kumenyamaza sana, Fundi. Atakayekuja kukuulizia hatutamwambia tena umetoka. Tutamkaribisha akae, tumwambie ulikuwepo, na daima tutakukumbuka.