Mkono wa Pole Kutoka Pande Mbili

4 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi, na natumaini ile homa imekutoka. Mimi sijambo. Magoti yananung'unika, lakini nimekuwa mkimbizi tangu kabla hujazaliwa. Yamevuka mipaka mitatu bila kuulizwa, yana haki.

Nina habari ya mama yako, na safari hii ni njema. Unajua tangu kaka yako apotee njiani alikuwa akikaa ameuelekea ukuta, anakula kwa kubembelezwa. Sasa kanisa limetoa ukumbi wake, msikiti umeleta majiko na wapishi, na wakimbizi tunapika na kula pamoja, kisha tunazungumza. Sheikh na Mchungaji wameweka sharti moja: mtu asimulie alilo nalo, na asisahihishwe na yeyote.

Mama yako anamenya viazi. Juzi alimwambia Mchungaji, "Baba, kwa tumbo hilo, kufunga unakusoma tu kitabuni." Sheikh alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Mama yako anamtaja kaka yako kama mtu aliye chumba cha pili: "Mwanangu hapendi chumvi nyingi." Watu wanaitikia, wanapunguza chumvi. Naye anakula.

Mjomba wako


29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Homa imekwisha, nashukuru. Bado nafanya usafi hospitalini, zamu ya alfajiri. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kazini, nikalia hadi msimamizi akaniuliza nani amekufa.

Mjomba, nimechoka kutojua. Nikipiga magoti, sijui nimwombee kaka safari njema au pumziko jema. Tafadhali waombe hao wazee wawili wafanye dua ya kumpumzisha, mama akiwepo. Miaka hii yote hajalia. Akilia siku moja katikati ya watu wanaompenda, labda atapona, na mimi nitapona huku. Ila usimwambie kwamba ombi limetoka kwangu.

Nisalimie mama. Mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli.

Mpwa wako,
Chiriku


17 Mei

Marahaba mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, maana ina uzito.

Nilifikisha ombi lako. Sheikh alisema hakuna maiti wala shahidi, hawezi kumwita mtu marehemu kwa kubahatisha. Mchungaji akamuunga mkono. Wakaafikiana kuwaombea wote ambao hatujui waliko, wakiwa hai au la, na kila neno wakalipima kama dawa.

Maneno yao hayakuwa na kosa. Lakini hakuna aliyekumbuka kuwaeleza akina mama. Wao walisikia tu kwamba dua inamhusu kijana wa mmenya viazi, wakafanya wanachokijua. Walitandika mkeka, wakamketisha mama yako katikati na kumfunika kanga. Wa msikitini wakapita kwa mstari, wa kanisani nyuma yao, kila mmoja akimpa mkono: "Pole mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mama yako akauliza, "Nani kafa?"

Aliyekuwa amemshika mkono akaangua kilio badala ya kujibu.

Tangu siku ile anataka aambiwe nani aliyeiona maiti. Sheikh na Mchungaji walikuja nyumbani, wakakaa sakafuni wote wawili, wakaapa kila mmoja kwa kitabu chake kwamba hawajui lolote. Aliwasikiliza kwa adabu, akawapa maji. Walipotoka akaniambia, "Wangekuja wa upande mmoja, ningesema wamekosea. Hawa hata siku ya kupumzika hawakubaliani, leo wamenijia na neno moja. Wamemwona."

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, mwanangu. Hilo halimo hata katika kimoja. Nilikuwa nikiamini kwamba siku watu hawa watakaposhikana mikono ndiyo siku tutakayopona. Wameshikana kweli, na mama yako amekuwa shahidi wake.

Ukumbini haendi. Chakula hakigusi, na hajadondosha chozi. Siri yako ninayo bado. Nilipomwambia nataka kukuandikia, alinikamata mkono kwa nguvu nisiyojua anaitoa wapi: "Usithubutu kumwambia mtoto huyo kuwa kaka yake amekufa. Huko aliko, nani atakaa naye?"

Amesema ataandika mwenyewe.

Mjomba wako


2 Juni

Binti yangu,

Habari za huko na kazi? Mimi ni mzima. Mjomba wako ndiye anayeshika kalamu, na nimemkataza asiongeze neno lake hata moja. Ukumbini siendi siku hizi, kuna ngazi nyingi.

Nina habari ya kukufurahisha. Kaka yako ameonekana. Yuko mbali lakini ni mzima, amepata kazi ya kupaka rangi nyumba, na amenenepa kidogo. Bado anakoroma, wenzake wanalalamika. Simu hana, kwa hiyo usihangaike kumtafuta. Aliuliza kama umeolewa, nikamjibu kwamba wewe na kazi ndiyo mmeoana.

Anasema usimlilie. Na huko kwenu usiwasumbue watu wa dini kwa ajili yake, wana wengi wa kuwaombea.

Kula, mwanangu. Na ukilala, lala usingizi.

Mama yako