Nguzo Mbili za Mama Spesiosa

Gisenyi, Jumanne, Mei 1998

Nguzo zenyewe sasa ni kielelezo cha kesi. Zimelazwa nyuma ya mahakama, mikaratusi miwili iliyokatwa bila kibali.

Mama Spesiosa wa Mudende aliikata ili ishikilie ukuta wa nyumba yake, baada ya mvua za mwaka huu kuporomosha kilima pamoja na shamba lake la viazi.

“Mvua ilikula shamba yangu yote, hakimu. Yenyewe mutaishitaki lini?”

Watu walicheka. Hakimu, aliyekulia Tanzania, hakucheka. “Mama, sheria ya miti ninayo. Ya mvua sina.”

Nilimfuata hakimu nje, nikamuuliza kama mkataba wa kimataifa wa hali ya hewa ungemsaidia aliyeharibiwa na mvua. Alisema huo ni wa nchi na nchi, na katika katiba haoni kifungu ambacho mama huyu angeshika.

Miaka yote ya kuandika habari za mahakama nimeamini kwamba sheria huchelewa tu. Leo imewahi, ila kwa mtu asiyeharibu mvua ya mtu yeyote.

Jioni Mama Spesiosa aliachiliwa kwa onyo. Nguzo zilibaki mahakamani.

“Bon, sawa, leo batoto batalala mbali na ile ukuta,” aliniambia.

Mvua imeanza kunyesha. Nyumba yake niliiona asubuhi. Ni chumba kimoja.