Hawakuwa na Miguu

Kwa ndugu yangu Njeru,

Hamjambo hapo Kiritiri? Naomba barua hii ikukute mzima wewe na mkeo Wawira. Goti la Mama linaendeleaje? Na ndengu, mlipata kitu? Mimi ni mzima, ila jua la huku Namibia linanipika kuliko ninavyowapikia hawa watafiti wa mawe.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Nikitaja mchanga unacheka, halafu mtandao unakatika. Mtandao wako una akili sana.

Kazi yangu ni jikoni, lakini juzi waliniita tusaidiane kugeuza jiwe bapa, kubwa kama mlango. Juu halikuwa na kitu. Upande wa chini ulikuwa umejaa alama za viumbe, wengine kama majani ya mgomba, wengine kama mkeka, wengine mviringo kama chapati. Mkubwa wa watafiti, mama mmoja mpole, aliniambia waliishi chini ya bahari zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, kabla ya samaki, kabla ya chochote chenye meno. Uhai ulikuwa ndio kwanza unajaribu kuwa na maumbo. Nikauliza mbona wote wamelalia upande mmoja.

"Mchanga uliwajia kwa mara moja," akasema. "Hawakuwa na macho ya kuuona wala miguu ya kukimbia."

Nikamwonyesha ile picha uliyonitumia, umesimama na sepetu ndani ya pango mnamochimba mchanga wa kuuza kwenye ukingo wa mto. Nilitaka tu kujivunia ndugu yangu. Aliikuza, akaupita uso wako, akafika juu ya kichwa chako, penye ule ufa. Akauliza kama bado unafanya kazi hapo. Nikasema ndiyo. Alinirudishia simu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi anaulizia kama umepiga.

Najua utasema, "Sista, hiyo ukuta imesimama hapo tangu enzi ya guka, wacha stress." Ni kweli. Lakini babu yetu hakuchimba chini yake, na mvua ya mwezi wa kumi iko njiani. Ninaogopa, Njeru. Siku hizi wakigeuza jiwe mimi naangalia pembeni.

Nisalimie Mama, ila habari ya ufa usimwambie. Msalimie Wawira na huyo mgeni aliye tumboni, na mjomba Ireri, ambaye najua majani ya muguka anayotafuna bado anayaheshimu kuliko chakula. Waambie nawaombea kila Jumapili.

Barua hii nimempa mwenzetu anayesafiri, ataituma kwa gari kutoka Nairobi, kwa hiyo huenda ikakukuta kazini. Kama umeisomea humo pangoni, toka sasa hivi, usingoje lori lijae. Wale hawakuwa na miguu. Wewe Mungu amekupa.

Dada yako,
Wanja