Sweta Juu ya Kompyuta

Dada yangu,

Huku hatujambo, na bomba la jikoni limeacha kuvuja. Ila kompyuta ya gemu ya marehemu mdogo wetu, ambayo Mama hajaizima tangu tumzike, ilizimika yenyewe ikagoma kuwaka. Fundi akaifungua, akakuta feni imekwama kwa nyuzi za sufu.

"Imekosa hewa ikapata moto. Nani anaifunika?"

"Mimi," Mama akajibu. "Namvika sweta lake. Chumba kile kina baridi."

Fundi alitia feni mpya, ikawaka, haikoromi tena kama zamani.

Jana nilimkuta Mama amepiga magoti, sikio kalibandika kwenye kompyuta.

"Mbona hapumui?" akaniuliza.

Njoo, dada. Siku hizi hata mimi nikipita mlangoni pake nasimama kusikiliza.

Mdogo wako aliyebaki